Daftari la Upepo

Mimi Napeyok ndiye mweka hazina.
Daftari langu la kurasa mia mbili
lina jedwali la kuzidisha mgongoni
na doa la maziwa kwenye mwezi wa Machi.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na hakuna mali inayojua kupotea kama upepo.

Walikuja kwanza na mlingoti mwembamba,
juu yake vikombe vitatu vikizunguka.
Watoto walicheka hadi wakakaa chini:
watu wazima wametoka Kampala
kuja kuupima upepo kwa vikombe
kama wauza maziwa!
Mwaka mzima wakapima.
Sisi tuliujua bila kikombe:
ndio uliolifunua darasa la nne, bati kumi na mbili
zikaruka hadi ng'ambo ya mto mkavu;
ndio uliopukutisha maua ya mtama
kabla hayajashika punje;
ndio uliomjaza mama vumbi machoni
miaka ishirini, chembe kwa chembe.

Sasa minara sita imesimama nyuma ya Nadunget,
mlima Moroto unaitazama kama mzee aliyepata wapangaji.
Kodi ya ardhi hulipwa mara mbili kwa mwaka,
kwa ukoo mzima, maana malisho hayana mwenyewe mmoja.
Malipo ya kwanza tulikesha tukibishana.
Lochoro alitaka zigawanywe palepale,
kila nyumba ishike chake.
"Pesa ya upepo," alisema, "ikilala inapeperuka."
Wanawake hatukupiga kelele.
Tuliweka tu mawe yetu ya kusagia katikati ya kikao.
Mwanamume mmoja akanyanyua moja, akalirudisha upesi,
akasema: haya, mashine.

Naandika.
Mashine ya kusaga: imelipiwa yote.
Zamani kwenda kusaga mjini, nusu siku kwa miguu,
na dizeli ikipanda, bei ya debe nayo inapanda.
Leo debe linasagwa na chai haijapoa.
Walinzi wanane, mshahara kila mwezi;
watatu kati yao walikuwa wachoma mkaa,
na migunga ya bondeni imeanza kuchipua.
Nate binti Aleper hupanda mnara kwa kamba,
spana kiunoni.
Amemnunulia baba yake fahali.
Nani alisikia,
binti kuleta ng'ombe nyumbani bila kuolewa!

Na ng'ombe wenyewe? Walisema watakimbia.
Saa tatu asubuhi wameshapanga foleni
ndani ya kivuli cha mnara, mstari mwembamba;
kivuli kikisogea, nao wanasogea.
Adhuhuri kinapokuwa kifupi
wanasukumana kama watu kwenye dirisha la benki.

Lakini daftari lisidanganye.
Miaka miwili nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu
zikibeba umeme kwenda Soroti na kwingineko,
nasi chini yake tunawasha tadooba.
Niliandika barua tisa. Nakala ninazo.
Ya tisa ndiyo iliyoleta nguzo.

Na zipo siku upepo haupo kabisa,
mabawa yametulia kama mikono ya mtu aliyeachishwa kazi.
Ukurasa wa siku hizo nauacha mweupe,
nisije nikaandika kiburi.

Jioni namsomea mama.
Haioni minara, anaisikia tu:
vuu, vuu, vuu.
"Umeandika upepo ulicholeta," aliniambia jana.
"Na ulichochukua?"
Nikafungua ukurasa mpya, nikapiga mstari katikati.
Paa la darasa la nne, bati kumi na mbili: umelipa.
Mtama wa misimu mitatu: unalipa kidogo kidogo.
Macho ya mama:

kalamu ikasimama.
Akausikia ukimya wangu.
"Andika deni," akasema, "wala usilifute.
Mdeni mzuri ni yule apitaye mlangoni kila siku."