Kitako cha Sado

Orodha ilibandikwa Jumatatu kwa gundi ya unga
kwenye mlango wa ofisi ya michezo, chuoni kwetu Luchelele.
Nikajisoma.
Mbio ndefu: Mbuke Lusangija.
Kupokezana vijiti: Lusangija Mbuke.
Makasia: M. Lusangija,
na mimi maji ya ziwa nayajua hadi magotini,
pale ninapofulia soksi.

Kwetu tumbo likitoa wawili, majina yapo tayari:
Kulwa hutangulia, Doto hufuata,
na Shija huja nyuma yao, mwaka mwingine, peke yake.
Mimi nimekuwa wote watatu kwa usiku mmoja,
mkunga wangu printa,
na raba zetu sote ni jozi moja,
ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Wanawake arobaini na wanane, ndivyo ilivyojumlishwa chini.
Wanaume arobaini na tisa.
Mizani imetulia kama ya duka la dhahabu.
Nikaanza kuwahesabu ninaokutana nao saa kumi na moja alfajiri
tukipanda kilima katikati ya mawe:
Nyangeta, Wande, Holo wa sheria, yule mrefu wa Ukerewe asiyesalimia...
Nikamaliza vidole vya mikono, nikaingia vya miguu,
vinne vikabaki bila mtu.
Hata Kwandu yumo. Kwandu aliyeondoka Februari
na mimba ya miezi mitano, na hakuna aliyemwambia
kwamba angeweza kurudi.
Kwenye karatasi bado anaruka viunzi.

Mama anauza dagaa mwaloni Kirumba.
Nilipokuwa na miaka tisa alinikalisha mbele ya sado,
dagaa wamefura juu yake kama kichuguu.
Imejaa?
Imejaa, nikasema.
Akamwaga wote kwenye turubai, akaligeuza kopo:
kitako kimegongwa kwa jiwe, kimeingia ndani
kama tumbo la mwenye njaa.
"Mdomo wa kopo ni wa kuonyesha watu," alisema.
"Wewe papasa kitako."

Jumatano Bugumba wa ngumi alinisimamisha kantini.
Wamemfuta, yeye na wenzake sita, ili hesabu ilingane.
"Nafasi yangu mmeila," alisema, chapati mkononi.
Nikamuuliza ni yupi kati yangu aliyeila.
Hakucheka. Nami sikuwa ninatania.
Kumfuta yeye hakukuninunulia hata kamba ya viatu;
walichukua kwake, wakaandika kwangu,
na katikati ya kalamu na karatasi
kitu kikadondoka, hakuna aliyeinama kukiokota.

Alhamisi akaja mkaguzi,
mama mwenye miwani ya kamba na begi la ngozi lililochoka.
Mwalimu Lubango alikuwa amewavika jezi dada wanne wa jikoni,
na Sikitu anayedeki bweni letu,
aliyeambiwa asimame tu, asiongee.
Jezi bado zina mikunjo ya dukani.
Majina yakaitwa.

"Mbuke Lusangija, mbio ndefu."
Nipo.

"Lusangija Mbuke, vijiti."
Korongo juu ya paa la bwalo alikunja shingo.
Mwalimu akanikazia macho.
Huyo hajafika, mama. Hajapewa viatu.

"M. Lusangija, makasia."
Huyo bado, mama. Mtumbwi wake ungali mti.

Kalamu ikasimama.
Mkaguzi hakusema neno. Aliigeuza ile karatasi,
akapitisha kiganja nyuma yake, polepole,
pale ambapo hapakuwa na maandishi.

Ndipo Sikitu, aliyeambiwa asiongee,
akashusha ndoo aliyokuwa ameificha nyuma ya sketi, akauliza:
"Na sisi tuliokwisha kuhesabiwa,
mazoezi huanza saa ngapi?"