Kitenganishi

Tulilala njiani, mimi na Nerys,
kilomita tisini kabla ya Gan Gan,
chanjo za kondoo ndani ya friji, friji nyuma ya pikapu,
na upepo wa Patagonia ukigonga mlango
kama mdai.

Betri zilikuwa mbili. Nilizifunga mwenyewe:
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
waya mnene kama kidole gumba.
Umoja ni nguvu, nilimwambia dada yangu, nikajipangusa mikono.

Alfajiri nikazungusha ufunguo.
Tk.
Kisha hata hiyo tk haikurudi.

Friji ilikuwa imekunywa usiku kucha,
ikamaliza ya kwake, ikahamia ya jirani.
Haikuona mpaka, maana sikuuweka.
Na betri kuukuu, ya ule mwaka mama alipougua,
nayo ilikuwa ikiinyonya mpya
kimyakimya, bila taa yoyote kuwaka.

Chanjo zilikuwa bado baridi.
Zenyewe hazikujua lolote.

Saa saba mchana akapita Rayén Curiñanco na lori lake la sufu.
Akainamia boneti, mkate mdomoni.
“Mnalala friji ikiwaka?”
Tunalala.
“Basi mnahitaji kitenganishi.
Mngekuwa watu wa kuendesha tu, mkafika, mkazima kila kitu,
ningewaambia mtunze pesa zenu.
Injini ikinguruma betri hazigombani, kipo cha kugawana.
Ugomvi huja kimya kikiingia.”
Akameza. “Na fyuzi, karibu na kila betri.
Waya usio na fyuzi ni kibiriti kirefu.”

Nerys alinitazama kupitia mvuke wa pumzi yake.
Mimi nikatazama viatu.
Tangu talaka nilikuwa nikila kwake, nikilala kwake,
nikiongea hadi saa tisa za usiku,
na yeye ndiye wa kuwaka asubuhi.

Sasa kipo: kiboksi cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni.
Injini ikiwaka, volti zikipita kumi na tatu,
kinaunganisha: tk.
Nikizima kinangoja kidogo, kama mgeni anayetafuta kofia,
kisha tk nyingine.
Nerys huinua kidole kila anapoisikia.
Hasemi neno.

Nimepata chumba Trelew.
Dirisha halikai sawa kwenye fremu,
na jana nilisahau kununua chumvi,
nikashika simu,
nikaiweka chini,
nikala viazi hivyo hivyo.