Utenzi wa Herufi Kilema

Jina langu ni Kwamino,
sina cheo wala wino,
nauza jicho, si neno,
kwa wenye mambo ya ndani.

Niliununua mwili
miaka kumi na mbili,
kwa jasho la kweli kweli;
nina hati mfukoni.

Nyuyoki, mwezi wa tisa:
nyumba zilikuwa tasa,
watu wamefunga pesa
lesoni, wa safarini.

Sanamu la kutukuka
kwa kamba lilianguka;
farasi akayeyuka
risasi za bundukini.

Usiku wa Jumatatu
akabisha hodi mtu:
mjane, mwenye viatu
vya matope ya gatini.

Aliitwa Jakomina.
Mumewe wakamuona
kaelea, amenuna,
na karatasi kinywani.

Imechapwa neno moja,
“Msaliti”, ndiyo hoja.
Akasema: “Sitangoja,
sheria iko vitani.

“Nipatie muuaji
aliyemtosa maji.
Ni jasusi, si mwenyeji,
katumwa toka melini.”

Akaweka dola sita
mezani bila kusita;
chozi sikuliokota,
hata moja, mashavuni.

Nikazunguka vilabu
nikinunua majibu
kwa ramu, na kwa adabu,
mara kwa ngumi tumboni.

Kila mtu ana wake,
adui wa roho yake:
“Mtafute, umshike,
yule, pale kanisani!”

Jumapili, kwa mizinga,
wekundu wakajipanga;
waasi wakajitenga
mbio, kule vilimani.

Nikarudi kwenye neno.
Herufi moja ya wino
imevunjwa kama jino,
mguu wake wa chini.

Herufi ile kilema
ina mama, ina boma;
chapa zote nikasoma,
matangazo ya njiani.

Ni tangazo la mtoro,
bei yake na kasoro:
herufi yenye kihoro
yachechemea jinani.

Chini, kwa herufi ndogo,
jina la mchapa: Hugo.
Nilihisi kama pigo
la rungu la kisogoni.

Aliniapia mke,
herufi za mume wake
zilichomwa, zimwagike
kuwa risasi vitani.

Tangu mwezi wa Julai
duka halina uhai.
Hugo kalila kwa chai
neno hili la kinywani?

Nikaruka, sikubisha,
nikapenya kwa dirisha;
mshumaa nikawasha
mdogo, wa kiganjani.

Pipa la unga wa ngano
nikazamisha mkono,
nikavigusa vijino
vya risasi, mle ndani.

Kilema nikakipata,
kikakaa, kikanata
kidoleni. Nikasita:
kuna mtu mlangoni.

Jakomina, bila taa,
na bunduki ya kung'aa.
“Wewe,” kasema, “wafaa
kuliko nilivyobuni.

“Kaandika mume huyo
majina ya wenye moyo,
akauza; na kwa hiyo
tukakutana gatini.”

“Mbona ukaniajiri?”
“Nilitafuta mahiri
atakayebeba siri,
asoapa kizimbani.

“Mweusi na neno lake,
ni nani alisadike
penye machozi ya mke
aliyeuzwa nyumbani?”

Neno “kuuzwa” kasema
kwa sauti ya huruma
kwangu, niliyesimama
utotoni mnadani.

Nje kukalipuka moto,
ukaruka bila wito
kwenye mapaa mazito
hadi mnara wa dini.

Alipogeuza shingo
nikautwaa mlango;
risasi ikala chango
badala ya utosini.

Pengine risasi ile
ilikuwa, siku zile,
“uhuru”: neno teule
lililopita pembeni.

Asubuhi, ni majivu;
mtambo wabaki mbavu,
na viatu vichakavu
vimeachwa barazani.

Matope! Nilipoona
siku ile, Jakomina,
kesi ilikwisha, bwana,
kabla ya dola mezani.

Kilema ninacho hapa,
kidogo kama mfupa.
Sijapata pa kuchapa
neno langu hadharani.