Dola Arobaini

Wazazi wa Kadutu wamechanga dola arobaini,
noti moja imeungwa kwa gundi katikati.
Nimezifunga kwenye pindo la kitenge,
nimeshuka na matope hadi Nyawera, kwa Mugisho.

Ananipa kwanza kinachong'aa:
mtoto anafinyanga mtu wa theluji.
Nakirudisha. Wataniuliza theluji inapikwaje.
Kingine kina ramani; ziwa lipo, doa la buluu,
mji wetu haumo.

Cha tatu nakinusa. Navuta uzi wa mgongoni:
umeshika.
Ukurasa wa kumi na mbili, mama anapima sambaza kwa kopo
na jirani anamdai chenji.
Hesabu ya kweli hiyo.
"Herufi zake nene mno," asema Mugisho, "hicho ni cha wazee."
Nacheka tu.

Vinatosha vinane. Nachukua saba,
na kwa baki, chaki na kipande cha shitingi,
maana bati letu linavuja juu ya kabati.

Watoto hamsini na watatu.
Wanane kwa kitabu, lazima mmoja akae ng'ambo ya meza.
Mwaka jana alikuwa Cibalonza.
Hadi leo, ukimpa kitabu,
kwanza anakigeuza kichwa chini,
halafu anasoma.