Urefu wa Kamba

Baba amekunja suruali, ametia miguu kwenye karai,
maji moto na chumvi, dawa yake ya magoti.
Jumapili, Embakasi, ghorofa ya nne.
Ndege inashuka juu ya paa, tunanyamaza mpaka ipite,
kisha anasema: Haya, Ndinda. Nipe safari.

Namsimulia mkutano wa wakuza waridi kule Quito,
walivyopima mashina yetu kwa rula
wakatabasamu kwa adabu.
Hataki waridi.
Anautaka ule mji wa kwenye picha.

Basi, Baños.
Mji mdogo, umekalishwa ndani ya kikombe cha milima,
na mmoja wao ni wa moto, siku hiyo ulikuwa umefunga mdomo.
Milangoni vijana wanavuta peremende ya miwa,
wanaitundika kwenye kulabu ya ukutani, wanaivuta, wanairudisha,
mpaka rangi ya asali inapauka.
Nimekuletea hii. Imeganda kidogo njiani.
Anaigonga mezani, inalia kama kokoto.
Anaitia mdomoni vivyo hivyo.

Na kila duka, baba, linauza woga:
woga wa mtoni kwa boti la mpira,
woga wa waya juu ya bonde, kifudifudi kama mwewe,
woga wa darajani, dola ishirini,
picha ni bei nyingine.

Nikachukua wa darajani.

Anahesabu kwa vidole vyenye maji.
Elfu mbili na nusu na ushee. Wewe ndiye uliyelipa?
Mimi.
Si wao waliokulipa?
Mimi, baba.

Anacheka mpaka karai linatapika.

Miaka kumi na tisa aliosha vioo Upper Hill,
ndoo kiunoni, miguu ikikanyaga hewa,
nje ya mabenki ambayo hakuwa na akaunti ndani yake.
Watoto wa ploti walinitania: Mkamba wa kamba.
Mama alizunguka mbali, hakutaka kuipita barabara ile.
Siku moja upepo ulimng'oa ukutani, ghorofa ya kumi na saba,
ukamzungusha, ukamrudisha kwa goti.
Alikuja nyumbani, akala, akalala.
Tuliambiwa na Mutisya, mwenzake, baada ya miaka mitatu,
tena matangani, kwa bahati mbaya.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, walisema.
Hawakusema mwanambuzi hula kwa urefu wa kamba ya nani.

Kule darajani kijana alinifunga mkanda,
na kabla sijafikiri mikono yangu ilikuwa inafanya ile kazi:
vuta mara tatu, geuza fundo, litazame kwa nyuma.
Akauliza kama nimewahi.
Nikasema sijawahi. Nimeona tu,
kila alfajiri, kwenye kitasa cha mlango wa jikoni.

Kisha nikaruka.

Uliona nini?
Nilitaka kusema mto, maporomoko, ukungu kwenye miti.
Lakini kusema kweli niliona viatu vyangu,
na juu yake, wadogo kama punje, watu wakichungulia.

Mimi nilikuwa najiona mwenyewe, anasema.
Kioo kikishatakata, hakuna mwingine humo.
Anasukuma peremende upande wa pili wa shavu.
Na kukuvuta juu, nani alikuvuta?
Hawavuti. Wanakushusha mpaka kwenye mawe,
unapanda kilima kwa miguu yako.
Ahaa, anasema, ameridhika.
Kumbe ni kila mahali.

Ndege nyingine. Dirisha letu linatetemeka,
limejaa vumbi la tangu Krismasi,
hakuna anayethubutu kulitaja.

Kamba yenyewe ilikuwa nene kiasi gani?
Sikuuliza.
Hukuuliza!
Namwonyesha, kwa kidole gumba na cha shahada, kwa kukisia.
Anaukamata mkono wangu kwa mkono wake wenye maji,
anaitazama ile nafasi kwa muda mrefu,
halafu, polepole, anaitanua kidogo.