Hodi Mia Nne

Usiku wa kwanza nilibisha milango mia nne na kumi na miwili
kwa kidole kimoja,
juu ya duka la mabati, Barabara ya Kumi, Mbale
(Kumi ni mji, si hesabu),
jenereta ya kinyozi ikikohoa ukutani.
Nilikuwa na kahawa ya watu: magunia tisini kutoka Bududa,
ya kina Nambozo, ya mjane Mutonyi,
ya Wamimbi, mweka hazina, asiyeamini kitu asichokigusa.

Chombo nilichokodi kwa dola
kilinipa ubao wa namba zinazopanda.
Ndani ya kila barua kilipachika nukta,
nyeupe juu ya weupe,
ya kunichongea nani amefungua, saa ngapi, akiwa wapi.
Sikuona haya. Nilisema, biashara ni macho.

Sekunde ya pili: zimefunguliwa mia tatu na sita!
Nikamwita Wamimbi apande ngazi ajionee.
Tukanunua soda. Nikaandika kwenye daftari la chama:
wametusoma.

Siku tisa.
Hakujibu mtu, hata wa kututukana.

Akaja Khainza, fundi wa mitandao, kofia ya pikipiki kwapani,
akatazama zile saa, akacheka kwa huruma.
“Nandudu, ni nani huyu asomaye barua mia tatu
kabla kope hazijashuka?
Hao si wanunuzi. Ni mabawabu.
Mashine za getini zimekupekua,
zimekuta jicho ulilolificha ndani ya bahasha,
zikakutupa kwenye taka, pamoja na wauza dawa za upara
na warithi wa wafalme wasiokuwepo.”

Inauma kutiwa kapu moja na matapeli
na kahawa yako ni ya kweli.
Lakini nilijiuliza, nikinawa uso:
mgeni apigaye hodi nyumba mia nne kwa usiku mmoja,
huku akichungulia kila tundu la ufunguo,
kwetu angeitwaje?

Tukaanza upya.
Khainza akaandika mistari mitatu penye jina la chama chetu,
mistari ya kusomwa na mashine, si mimi, akanifasiria:
huu unataja nani ana ruhusa ya kubeba barua zako;
huu ni muhuri, ukiguswa njiani itajulikana;
huu unamwambia bawabu amfanyeje anayejiita wewe.
Nikaing’oa nukta. Nikang’oa viungo vilivyovaa jina la wenyewe.
Nikafuta orodha niliyouziwa na kijana mmoja wa Kampala
kwa bei ya mbuzi; nusu yake anwani zilizokufa.
Zikabaki thelathini na moja.

Malewa hayaliwi siku yanapokatwa.
Hukaushwa kwa moshi, huloekwa, hungojwa.
Jina nalo.
Wiki ya kwanza niliwaandikia wanaonijua tu:
dada yangu Soroti, mwalimu wangu Tororo, karani wa benki.
Nikawaomba wajibu chochote. Dada akajibu: Umekula?
Bawabu, nadhani, alisikia.

Kisha barua tano kwa siku, basi,
kila moja na jina la mtu mmoja
na sababu ya kumwandikia yeye, si jirani yake.
Kwa chini: ukinichoka niambie, sitarudi.

Sasa ubao wa namba nimeuzima.
Sijui nani amefungua. Nalala bila kujua,
kama walivyolala wote walioandika barua
kabla ya nukta.

Alhamisi, mvua ikiteremka Wanale,
umeme umerudi nusu nusu,
kikasha kikalia mara moja.
“Bi Nandudu, asante. Mwaka huu tumekwisha nunua.
Ila ile ya mjane Mutonyi, huianika chini au juu ya vichanja?
Tukumbushe Oktoba.”

Nikamsomea Wamimbi mara mbili.
“Wametukatalia,” alisema.
Ndiyo, nikamwambia, lakini aliyekataa ni mtu.
Akanyamaza kidogo,
akalamba kidole, akaanza kufunua daftari
kuitafuta Oktoba.