Kocha Nezu Anainama

Nimekaanga tambi nje ya lango la kaskazini
miaka ishirini na sita, hapa Sakata,
na mafuta yamenifundisha kuusikia uwanja bila kuuona:
goli hupanda kama chungu kinachofoka,
mpira ukigonga mwamba ni kikohozi cha watu elfu nane.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Nezu Tadaomi,
winga wa kushoto, kwa masikio.
Kabla hajaupata mpira palikuwa na kimya kifupi,
kama cha mtu anayetafuta miwani yake,
halafu, haaa! Chenga moja,
na beki wa watu ameketi chini.

Mji ulimpenda mpaka ukakosa adabu.
Uso wake ulikuwa kwenye pakiti za maziwa,
kwenye kioo cha kinyozi Isobe, kwenye kalenda ya benki ya wakulima;
watoto walishusha soksi chini ya ugoko kama yeye,
na marehemu mume wangu, ambaye hakuniambia hata jino likimuuma,
aliniamsha usiku kunisimulia krosi.

Asifuye mvua imemnyea.
Mimi yangu ilikuwa theluji: siku ya kumuaga
niliuza sahani mia sita, vidole vikafa ganzi,
naye akazunguka uwanja akichechemea, goti limefungwa bendeji,
watu wazima wakilia ndani ya skafu.

Akarudi na suti.
Suti ya kijivu, mikono mirefu kidogo,
na daftari. Tukashangilia suti.
Tukashangilia daftari.
Mechi kumi na moja, pointi nne.

Miguu hupendwa papo kwa papo;
akili hupendwa kwa mkopo, na riba juu.
Mabango yakatundikwa kichwa chini,
jina lake likining'inia kama popo,
na Isobe akabandika tangazo la shampuu palepale.

Lakini kila mechi ikiisha huja mbele ya jukwaa,
peke yake, anainama.
Wengine huinama kama wanaookota sarafu.
Yeye hubaki huko chini mpaka nimezima jiko,
nimefuta meza, nimehesabu chenji.
Nimemwona kwenye upenyo wa lango: kisogo kimeota mvi.

Jumamosi iliyopita tulitoka sare, bila goli.
Alikuja kununua tambi, mvua inamchuruzika puani.
Mtoto aliyemtangulia kwenye foleni akageuka,
akamkagua suti, viatu, daftari lililolowa:
"Mzee, na wewe uliwahi kucheza mpira?"

Nezu akafikiri. Alifikiri kweli,
kama mtu aliyeulizwa njia katika mji aliouhama.
"Kidogo," akasema. "Upande wa kushoto."

Nikamwongezea tangawizi. Sikumtoza.
Akaacha pesa chini ya sahani, akasahau daftari.
Sikulifungua.
Nimelianika juu ya jiko, kurasa zinajikunja,
mishale ya wino wa bluu imevuja mpaka kwenye jalada,
karibu yote ikielekea kushoto.